Maoni Yetu: Kuandika mara mbili si kuhakiki

Kila anayejaza fomu mtandaoni anakijua kisanduku cha pili. Umeandika baruapepe yako, chini yake unaambiwa uiandike tena. Umeweka nywila, unatakiwa uirudie. Namba ya simu hivyo hivyo, na zipo fomu zinazotaka hata namba ya akaunti ya benki irudiwe. Herufi moja ikipishana, yanatokea maandishi mekundu. Visanduku vikilingana unapita, na mwenye mfumo anahesabu kuwa taarifa zako zimehakikiwa.

Hazijahakikiwa. Kilichopimwa ni kama mkono wako umeandika kitu kilekile mara mbili. Kama cha kwanza kilikuwa kosa na cha pili ni nakala yake, mfumo sasa una kosa lililogongwa muhuri. Msimamo wetu ni huu: kisanduku cha marudio kinafaa mahali pamoja tu, kwenye nywila ambayo anayeiandika haioni. Kwingine kote, taasisi inamtwisha mwananchi kazi ambayo mfumo wake ungeifanya vizuri zaidi.

Nenda steshenari yoyote msimu wa maombi ya vyuo na mikopo ya wanafunzi. Foleni ni ndefu, mtandao unasuasua, na kijana anamtajia mwenye kompyuta taarifa zake kwa mdomo. Mwenye kompyuta anaandika baruapepe kwenye kisanduku cha kwanza, anainakili, anaibandika kwenye cha pili. Kazi ya sekunde moja. Kama ameandika "gmial" badala ya "gmail", visanduku vyote viwili vina "gmial", vinalingana barabara, fomu inapita. Majibu yatatumwa kwenye anwani ambayo si yake, na kijana atakaa akisubiri ujumbe usiofika, huku mfumo ukisema ulishamjulisha.

Tena wengi wanaofika pale hawana baruapepe kabisa. Mwenye steshenari anamfungulia mteja moja hapo hapo, anabuni nywila, anaiandika mara mbili bila kukosea, kisha anaiandika kwenye kipande cha karatasi na kumkabidhi. Karatasi ikipotea, mwenye akaunti hawezi tena kuifungua akaunti yake mwenyewe. Anayeweza ni aliyebuni nywila, kama bado anaikumbuka. Kwa mfumo, kila kitu kilikwenda sawa.

Baadhi ya waandaaji wa fomu wameliona hilo la kunakili, wakazuia kubandika. Dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Anayetunza nywila zake kwenye programu maalumu ya kuzihifadhi, jambo ambalo wataalamu wa usalama wanalihimiza, analazimika kuiandika kwa kidole nywila ndefu yenye herufi, tarakimu na alama. Matokeo yake anachagua fupi na rahisi. Taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ililisema waziwazi katika mwongozo wake wa mwaka 2017: mifumo iruhusu kubandika nywila, na impe mtumiaji nafasi ya kuiona anapoiandika. Miaka imepita, na bado tunakutana na fomu mpya zinazofanya kinyume.

Lipo pia kosa la upande wa pili, la kukataa kilicho sahihi. Kibodi ya simu ikikupendekezea baruapepe nawe ukaigusa, huongeza nafasi tupu mwishoni. Nafasi hiyo haionekani kwa macho, lakini mfumo unaiona na kusema visanduku havifanani. Kibodi hiyohiyo huanza neno kwa herufi kubwa mara moja, na mara ya pili ikaacha. Namba ya simu iliyoanza na sifuri juu na 255 chini ni namba moja, ila mfumo unazihesabu mbili. Mtu anatazama visanduku viwili vinavyofanana kabisa, anaambiwa havifanani, na hakuna anayemweleza kwa nini. Kuondoa nafasi tupu, kusawazisha herufi kubwa na ndogo kwenye baruapepe, na kugeuza namba zote za simu ziwe za muundo mmoja kabla ya kuzilinganisha ni kazi ya mistari michache ya programu. Nywila peke yake ndiyo iachwe kama ilivyoandikwa.

Desturi hii ya kuingiza taarifa mara mbili imetoka mbali, na ilikotoka ilikuwa na akili. Zama za kadi za kutoboa, ofisi kubwa zilikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ilitoboa kadi. Ya pili, mfano IBM 056 iliyotoka mwaka 1949, haikutoboa. Mhakiki aliketi na hati halisi mbele yake, akaipiga upya, na mashine ikalinganisha kila alichopiga na tundu lililokuwapo. Ikipishana, kibodi ilijifunga. Akirudia na bado ikapishana, kadi ilichongwa pengo juu ya safu yenye kosa. Kadi iliyokuwa safi ilichongwa pengo ubavuni, na yeyote aliyeshika bunda la kadi aliona kwa jicho ipi imepita.

Nguvu ya utaratibu ule ilikuwa katika mambo mawili: kwa kawaida mhakiki alikuwa mtu mwingine, na alisoma kutoka kwenye hati. Watafiti wa tiba wanaoingiza madodoso mara mbili wanafuata kanuni hiyohiyo. Fomu zetu za mtandaoni zimechukua marudio, zikaacha vyote viwili. Mtu ni yuleyule, hati haipo, na anayedhani namba yake inaishia na 67 ataandika 67 hata ukimpa visanduku kumi.

Hata kuongeza watu hakusaidii kama wote wanaonyeshwa kitu kisichosema lolote. Agosti 2020, benki ya Citibank, iliyokuwa wakala wa mkopo wa kampuni ya vipodozi ya Revlon, ilikusudia kuwalipa wakopeshaji riba ya dola milioni 7.8 hivi. Zikatoka karibu dola milioni 900. Fomu ya mfumo ilitaka visanduku vitatu vijazwe ili fedha za msingi wa mkopo zibaki ndani ya benki, kilijazwa kimoja. Watu watatu waliipitia kazi hiyo: aliyeingiza, aliyekagua na aliyeidhinisha. Wote waliamini ni sawa. Mfumo ulitoa onyo kuwa fedha zitatoka nje ya benki, ukauliza kama waendelee. Haukutaja ni kiasi gani. Wakaendelea. Dola milioni 500 hivi hazikurudishwa, mahakama ikasema Februari 2021 kwamba waliozipokea wanaweza kubaki nazo, na benki ikapata nafuu Septemba 2022 tu, rufaa ilipoigeuza hukumu hiyo.

Onyo lile lingeandika tu kwamba dola milioni 894 zinatoka nje, yaelekea mmoja wa wale watatu angeshtuka. Uhakiki unaofaa humwonyesha mtu matokeo ya alichoandika, kwa sura tofauti na aliyoiandikia, ili akili yake ipate cha kulinganisha.

Wenye hundi walilijua hilo zamani. Kiasi huandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na vikipishana, sheria ya Uingereza ya 1882, ambayo misingi yake Kenya na Tanzania ziliirithi, inasema maneno ndiyo yanayoshika. Sifuri moja ya ziada hupenya kirahisi kwenye tarakimu. Kuandika "milioni" ulipokusudia "laki" ni vigumu zaidi. Hayo pia ni marudio, lakini mara ya pili inaufanya mkono utembee njia nyingine.

Kwenye fedha za simu, Afrika Mashariki haikusubiri kufundishwa na Ulaya. Namba ya simu haina kinga: ukikosea tarakimu moja, mara nyingi umeangukia namba ya mtu mwingine aliye hai na mwenye laini. Kuiandika mara mbili kungepunguza makosa ya kuteleza kidole tu. Kilicholeta tofauti ni jina. Tanzania, unaweka namba na kiasi, linatokea jina la mpokeaji, ndipo unaweka namba ya siri. Kenya, M-Pesa ilipoanza Machi 2007 jina lilikuja kwenye ujumbe baada ya fedha kuondoka. Baadaye Safaricom ikaongeza huduma ya Hakikisha, jina likaanza kuonekana kabla. Mteja aliyekusudia kumtumia shangazi yake Mwanaidi akiona jina la mwanamume asiyemjua, anaacha. Hakuna kisanduku cha pili, hakuna maandishi mekundu. Benki kubwa za Uingereza zilianza kulinganisha jina na akaunti mwaka 2020, na za nchi zinazotumia yuro zimelazimika kufanya hivyo tangu Oktoba 2025.

Ajabu ni kwamba taasisi zilezile ambazo wateja wake wanaona jina kabla ya kulipa, kwenye tovuti zao bado zinataka namba ya simu iandikwe mara mbili na kuridhika hapo.

Kumwonyesha mtu matokeo ni njia ya kwanza ya uhakiki. Njia ya pili ni namba inayojikagua yenyewe. Hans Peter Luhn wa IBM aliomba hataza ya hesabu hiyo mwaka 1954 na kuipata 1960, na leo imo kwenye kadi za benki na kwenye IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#. Chukua 2574. Anza kulia, zidisha kwa mbili tarakimu moja, ruka moja: 4 inakuwa 8, 7 inabaki, 5 inakuwa 10 ambayo tarakimu zake zikijumlishwa ni 1, 2 inabaki. Jumla ni 18. Ili kufika 20 inahitajika 2, basi namba kamili ni 25742. Mtu akigeuza tarakimu mbili akaandika 27542, jumla inakuwa 22, haigawanyiki kwa 10, na fomu inamwambia papo hapo. Hesabu hii inakamata kosa lolote la tarakimu moja, na karibu kila kosa la kubadilishana tarakimu jirani. Linaloiponyoka ni 09 kuwa 90 au kinyume chake. Taasisi inayotunga namba mpya ya mwanachama, ya kiwanja au ya mgonjwa bila tarakimu ya ukaguzi imeacha bure kinga ambayo dunia imeijua kwa zaidi ya nusu karne.

Tatu, fomu itumie ilichokwisha kuambiwa. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Fomu inayotaka namba ya NIDA na kisha tarehe ya kuzaliwa ina vitu viwili vya kulinganisha bila kumsumbua mtu. Zikipishana, imwulize hapo hapo ipi ni sahihi. Badala yake mifumo mingi inapokea zote mbili kimya, na mgongano unagunduliwa miezi baadaye, mezani kwa ofisa, faili likiwa limesimama.

Tahadhari moja hapa. Kulinganisha na kumbukumbu nyingine kunataka busara kwenye majina. Hamisi na Khamis, Hadija na Khadija, Mohamedi na Muhammad, Rajabu na Rajab: mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia moja kwenye cheti cha kuzaliwa, nyingine kwenye cheti cha kidato cha nne na ya tatu kwenye kitambulisho, na kila mara aliyeandika alikuwa karani, si yeye. Mwingine anatumia jina la babu, mwingine la ukoo. Mfumo unaokataa kwa sababu ya herufi moja unamwadhibu mwananchi kwa kalamu ya ofisi na kumtuma kwa wakili kutafuta hati ya kiapo. Tofauti ya namna hiyo ipelekwe kwa mtu mwenye macho na mamlaka ya kuamua, isiwe ukuta.

Kwa baruapepe na simu, uhakiki wa kweli ni kutuma namba ya uthibitisho na kusubiri irudi. Ikirudi, anwani ipo na mwenye kuijaza anaifikia. Ujumbe huo wa kwanza usibebe kingine: usitaje jina kamili, wala namba ya kitambulisho, wala alichoomba, kwa sababu kama anwani ilikosewa, utasomwa na mgeni.

Tutaambiwa ujumbe mfupi wa simu una gharama, na kwamba mtandao ukiwa mbovu namba ya uthibitisho inachelewa mpaka muda wake unakwisha. Yote mawili ni kweli. Lakini kosa nalo lina gharama, ila halionekani kwenye bajeti ya TEHAMA kwa kuwa analilipa mwananchi. Ni nauli ya mtu wa Tandahimba anayekwenda Mtwara mjini kuuliza kwa nini hajajibiwa. Ni siku ya kazi iliyopotea, na dirisha la maombi lililofungwa. Kuhusu kuchelewa, muda wa namba uongezwe, na mtu aruhusiwe kuendelea kujaza kurasa nyingine huku akisubiri.

Sasa nywila, mahali ambapo tumekubali marudio yana haki. Hapo mtu anaandika vitone, hajui alichoandika, na akikosea amejifungia nje. Hata hapo alama ya jicho inayoonyesha maandishi inaondoa sababu nyingi za kurudia, na anayejaza akiwa peke yake chumbani hana wa kumficha. Taasisi ikiamua kubaki na visanduku viwili, ifanye kwa adabu. Ilinganishe mtu anapomaliza kisanduku cha pili, isianze kumkaripia akiwa kwenye herufi ya tatu. Ujumbe uwe kando ya kisanduku husika na useme wazi kuwa nywila mbili hazilingani, kwa maneno, kwani rangi nyekundu peke yake haisomwi na asiyeona anayetumia programu ya kumsomea skrini. Zaidi ya yote, kosa la nywila lisifute fomu nzima. Kumrudisha mtu ukurasa wa kwanza, visanduku vyote vikiwa vitupu, kwa sababu ya herufi moja, ni dharau.

Viwango vipo. Miongozo ya shirika la viwango vya wavuti, W3C, ya tovuti zinazofikika na watu wenye ulemavu, toleo 2.2 la Oktoba 2023, inataka mtu asilazimishwe kuandika upya, ndani ya shughuli ileile, taarifa aliyokwisha kuitoa, isipokuwa pale marudio yana ulazima wake, mathalani wa usalama. Toleo la 2008 lilishataka shughuli za kisheria na za fedha zimpe mtu nafasi ya kupitia, kusahihisha na kuthibitisha kabla ya kuwasilisha, kama haziwezi kubatilishwa baadaye wala mfumo haukagui makosa yake.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zinamtaka anayekusanya taarifa ahakikishe ni sahihi. Jukumu ni lake. Kisanduku cha pili hakimvui jukumu hilo, na ofisa anayemjibu mlalamikaji kwa kusema "wewe mwenyewe ndiye uliyeandika, tena mara mbili" ajue kuwa hajajibu kitu.

Tunapendekeza mambo matano, na yote yanawezekana bila kununua mfumo mpya. Baruapepe na simu zihakikiwe kwa namba ya uthibitisho, na kisanduku cha marudio kiondolewe. Kila malipo yaonyeshe jina la mpokeaji na kiasi, kwa tarakimu na kwa maneno, kabla ya hatua ya mwisho. Namba mpya za utambulisho ziwe na tarakimu ya ukaguzi. Nywila iwe na alama ya jicho, na kubandika kuruhusiwe popote. Na kabla ya kitufe cha Wasilisha pawe na ukurasa mmoja unaoonyesha yote aliyojaza mtu, kwa maandishi makubwa, kila mstari ukiwa na pa kubonyeza ili kurekebisha.

Ukurasa huo una faida ya ziada pale steshenari. Mwenye kompyuta anaigeuza skrini, mteja anasoma mwenyewe au anasomewa: jina, tarehe, simu, anwani. Hapo ndipo mtu wa pili, ambaye hati ziko mkononi mwake, anapoingia kwenye uhakiki.

Mamlaka zinazokagua mifumo ya umma, na bodi za kampuni zinazolipia mifumo yake, ziulize swali moja kabla ya kupokea kazi: kila mahali fomu inapotaka kitu kirudiwe, sababu ni ipi? Mkandarasi akiwa nayo, aiandike. Akiwa hana, akitoe kisanduku hicho kabla ya kulipwa.